Lev Artsimovich: Mrusi aliyewaita wapinzani wake waje kupima moto wake

MSAFIRI anayetoka Kisumu kwa barabara ya Kericho hufika Ahero baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 25. Pande zote za barabara imetandaa tambarare ya Kano na majaruba yake ya mpunga, ambayo mradi wake wa unyunyizaji ulianzishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Maji ya majaruba hayo hayaji yenyewe kutoka Mto Nyando. Huvutwa kwa pampu za umeme. Kwa sababu hiyo, mkulima wa Ahero hahitaji kufundishwa na profesa yeyote kwamba umeme ni chakula. Pampu zikinyamaza kwa ajili ya bili, mpunga hukauka huku mto ukipita kando.

Ni katika barabara hiyo hiyo ambapo jina la Urusi liliingia katika historia ya Nyanza kwa namna mbili, moja ya tiba na nyingine ya damu. Mnamo Oktoba 25, 1969, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, msaada ambao Jaramogi Oginga Odinga alikuwa ameutafuta Moscow. Sherehe iligeuka majibizano, majibizano yakazaa ghasia, na walinzi wa rais wakaufyatulia umati risasi. Takwimu rasmi zilitaja watu 11 waliokufa. Wakazi wameshikilia miaka yote kwamba idadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Msafara wa rais ulipoondoka kwa kasi, njia yake ilikuwa hii ya Ahero. Siku chache baadaye Odinga alitiwa kizuizini na chama chake cha KPU kikapigwa marufuku. Hospitali yenyewe ilibaki, na watu wa Kisumu waliizoea kwa jina la Russia, ingawa rasmi ilikuja kuitwa kwa jina la Jaramogi mwenyewe.

Siku saba baada ya risasi za Kisumu, yaani Novemba 1, 1969, jarida la kisayansi la Nature nchini Uingereza lilichapisha makala mafupi ambayo pengine hayakusomwa na mtu yeyote Ahero. Waandishi wake walikuwa Waingereza wanne na Mrusi mmoja. Walieleza kwamba ndani ya mtambo mmoja wa Moscow, wenye umbo la pete, gesi ilikuwa imepashwa moto hadi kukaribia nyuzi milioni 10, nayo ikaning'inizwa katika uga wa sumaku isiuguse ukuta wa chombo chake. Makala hayo yaligeuza mwelekeo wa utafiti wa nishati duniani kote. Mtu aliyeyawezesha hakuwa miongoni mwa waandishi. Aliitwa Lev Andreevich Artsimovich.

Artsimovich alizaliwa Moscow mnamo Februari 25, 1909, mtoto wa msomi wa takwimu. Utoto wake uliangukia katika miaka ya vita kuu, mapinduzi na njaa, na familia yake ilihamahama kabla ya kutua Minsk. Huko alisoma katika Chuo Kikuu cha Belarusi, akahitimu mwaka wa 1928 akiwa na umri wa miaka 19. Mnamo 1930 alijiunga na taasisi ya fizikia ya Abram Ioffe mjini Leningrad, ambayo wakati huo ilikuwa kama jando la wanafizikia wa Kisovieti. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Igor Kurchatov, ambaye baadaye angeliongoza taifa hilo katika kutengeneza bomu la atomi.

Kazi moja ya ujana wake inaonyesha mapema alikuwa mtu wa aina gani. Katikati ya miaka ya 1930, Mmarekani Robert Shankland alitangaza matokeo yaliyoitia shaka kanuni ya kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, na wanasayansi wakubwa wa Ulaya wakaanza kuyumba. Mnamo 1936 Artsimovich, pamoja na Abram Alikhanov na Artem Alikhanian, walipima kile kinachotokea elektroni inapokutana na pozitroni na zote mbili zikatoweka. Kanuni ikakutwa imesimama pale pale. Hawakuvumbua chochote kipya. Walikataa tu kuamini jambo kabla ya kulipima. Tabia hiyo haikumwacha Artsimovich mpaka kufa, na si kila mtu aliyeipenda.

Baada ya vita vya pili vya dunia kukaribia ukingoni aliingizwa katika maabara ya siri ya Kurchatov mjini Moscow. Hapana haja ya kulificha jambo hili: kazi yake ya kwanza huko ilikuwa ya silaha. Aliongoza utafiti wa kuzitenganisha aina za atomi kwa kutumia sumaku kubwa, mbinu iliyotoa malighafi ya mabomu. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo za dola, na mwaka wa 1953 akawa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi. Sumaku alizojifunza kuzitawala katika miaka hiyo ndizo alizozitumia baadaye kwa shughuli ya amani.

Shughuli hiyo ilianza kwa namna ya ajabu. Mwaka wa 1950 askari mmoja kijana, Oleg Lavrentiev, aliyekuwa akitumikia jeshi katika kisiwa cha Sakhalin mashariki ya mbali, aliandika barua kwa wakuu wa chama akipendekeza njia ya kuufunga moto wa namna ya jua ili utoe umeme. Barua ilifika mikononi mwa Andrei Sakharov. Njia ya askari ilikuwa na kasoro, lakini ilimfanya Sakharov afikiri, naye pamoja na mwalimu wake Igor Tamm wakaja na wazo la kuuzuia moto huo kwa sumaku ndani ya chombo kilichopinda kama pete. Mwaka wa 1951 serikali iliidhinisha mpango mzima. Mikhail Leontovich alipewa nadharia. Majaribio akapewa Artsimovich, ambaye aliyashika kwa miaka 22.

Msomaji na aelewe vizuri tofauti iliyopo hapa, maana nyuklia ni neno linalotumiwa ovyo. Vinu vya nyuklia vinavyozalisha umeme katika nchi mbalimbali hupasua viini vizito vya urani. Ndivyo vilivyozungumziwa mwaka wa 2025, mpango wa Kenya ulipoelekezwa Kaunti ya Siaya baada ya upinzani wa wakazi wa Uyombo kule Kilifi. Moto wa Artsimovich ni kinyume chake: huunganisha viini vyepesi vya haidrojeni, kama jua lifanyavyo. Taka zake zenye mionzi ni za muda mfupi zaidi, na moto wenyewe huzimika papo hapo mambo yakiharibika. Tatizo lake ni kwamba viini hivyo huchukiana. Vyote vina chaji chanya, na havikubali kukaribiana mpaka viende kwa kasi ya ajabu, yaani mpaka gesi iwe na joto la zaidi ya nyuzi milioni 100. Katika joto hilo hakuna gesi ya kawaida tena. Elektroni huachana na viini, na kinachobaki huitwa plazma. Hakuna chungu cha udongo wala cha chuma kinachoweza kuipakata. Ikigusa ukuta, plazma hupoa mara moja na kuchafuka kwa vumbi la ukuta huo.

Mwaka wa 1952, majaribio yakiwa bado machanga, wasaidizi wa Artsimovich waliona nyutroni zikitoka katika mirija waliyoipitishia mkondo mkali wa umeme. Nyutroni ni alama ya viini kuungana. Furaha ilikuwa kubwa, na katika Urusi ya Stalin habari njema za namna hiyo zilikuwa na thamani ya nyota begani. Artsimovich hakukimbilia kushangilia. Walipopima tena na tena, iligundulika kwamba nyutroni hizo hazikutokana na joto hata kidogo. Plazma ilikuwa ikijinyonganyonga, na katika kujinyonga huko ilirusha viini vichache kwa kasi kama manati. Ulikuwa moto wa uongo. Kurchatov aliyaeleza hayo hadharani mwaka wa 1956 katika kituo cha Harwell nchini Uingereza, akiwashangaza wenyeji wake kwa kufichua mambo ambayo wao wenyewe waliyaweka siri.

Ni kejeli ya historia kwamba Waingereza waliosikia onyo hilo walitumbukia katika shimo lile lile. Januari 1958 walitangaza kwa shangwe kwamba mtambo wao wa ZETA ulikuwa umefanikiwa; ilipofika Mei walilazimika kuyameza maneno yao. Mnamo Septemba mwaka huo nchi zote zilikutana Geneva na kuondoa pazia la siri. Artsimovich aliusimulia ulimwengu kazi ya Wasovieti bila majigambo, akasisitiza kwamba mzigo huu hauwezi kubebwa na taifa moja pekee.

Kufikia wakati huo mtambo wa kwanza wa umbo jipya ulikuwa tayari umewashwa katika maabara yake. Mjenzi wake mkuu alikuwa Natan Yavlinsky, na jina la tokamaki, lililofinyangwa kutokana na maneno ya Kirusi yanayoeleza chumba cha pete chenye sumaku, lilibuniwa na Igor Golovin. Yavlinsky aliangamia pamoja na familia yake katika ajali ya ndege mwaka wa 1962. Artsimovich akaubeba mzigo wa tokamaki moja kwa moja.

Siri ya tokamaki ni kwamba mkondo wa umeme unaopitishwa ndani ya plazma yenyewe hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kwanza, huongeza uga wa sumaku unaoizingira plazma. Pili, huipasha moto, kama vile waya wa jiko la umeme unavyopata moto kwa kuuzuia mkondo. Njia hii ni rahisi na haihitaji chombo cha ziada. Lakini ina kikomo, na kikomo hicho ndicho kiini cha kisa chote kilichofuata. Waya wa chuma ukipata moto huzidi kuuzuia mkondo; plazma ikipata moto huupitisha kwa urahisi zaidi. Joto likizidishwa mara mbili, uzuiaji wake hushuka hadi karibu theluthi moja. Ni sawa na jiko ambalo kadiri sufuria inavyochemka ndivyo makaa yake yanavyofifia. Mkondo peke yake unaweza kuifikisha plazma ya tokamaki za kawaida kwenye mamilioni kadhaa au makumi machache ya mamilioni ya nyuzi. Milioni 100 ni mbali na hapo.

Kabla ya kufika kwenye kikomo hicho, hata hivyo, ilibidi Artsimovich aaminiwe kwamba amefika popote. Na hapo tabia yake ilimgeukia.

Alikuwa na ulimi mkali katika mikutano ya kimataifa. Kule Salzburg mwaka wa 1961 aliwakosoa Wamarekani hadharani kuhusu matokeo ya mitambo yao, akiwaonyesha kwamba walikuwa wamekisoma vibaya kile walichokipima. Alikuwa na haki, jambo ambalo halikuwapunguzia uchungu. Miaka minne baadaye, Culham nchini Uingereza, yeye ndiye aliyesimama kutangaza kwamba tokamaki zake zinaihifadhi plazma vizuri kuliko nadharia iliyokubalika wakati huo ilivyoruhusu. Safari hii ilikuwa zamu ya Wamarekani kutikisa vichwa. Lyman Spitzer wa Princeton, mwanasayansi mwenye heshima kubwa ambaye mtambo wake wa aina nyingine ulikuwa umekwama, hakushawishika.

Shaka hiyo haikuwa ya chuki tupu. Warusi walikuwa wakiipima jumla ya nguvu ya plazma kwa kutumia sumaku, kisha wakakadiria joto kutokana na jumla hiyo. Ni kama mtu kutaka kujua hali ya wachuuzi wa soko la Ahero kwa kuhesabu fedha zote za soko na kuzigawa kwa idadi yao. Ikiwa tajiri mmoja amebeba karibu fedha zote mfukoni mwake, hesabu itasema soko zima linaneemeka ilhali wengine wote wana senti. Katika plazma matajiri hao wapo: ni elektroni chache zinazotoroka kwa kasi ya kupindukia. Wapinzani walisema joto la Artsimovich huenda ni la watoro hao tu.

Agosti 1968, katika mkutano wa Novosibirsk, alileta matokeo makubwa zaidi kutoka katika tokamaki yake ya T-3. Joto la elektroni lilikuwa limekaribia nyuzi milioni 10, na plazma ilidumu kwa muda uliozidi mara kadhaa ule uliotarajiwa. Wengine walipiga makofi, wengine walibaki na shaka yao. Wakati huo Waingereza wa Culham walikuwa wamebobea katika chombo kipya: leza. Mwali wa leza ukipenyezwa ndani ya plazma, kila elektroni huutawanya kidogo, na rangi ya mwanga hupanuka kulingana na kasi za elektroni zenyewe. Kwa mfano ule wa soko, leza huchungulia mfuko wa kila mchuuzi.

Artsimovich alimwambia mkuu wa Culham, Bas Pease, alete watu wake na leza yao Moscow wapime wenyewe.

Uzito wa mwaliko huo haupimwi kirahisi leo. Taasisi ya Kurchatov ndiyo iliyokuwa kitovu cha siri za nyuklia za nchi nzima. Wiki chache tu baada ya mkutano wa Novosibirsk, vifaru vya Kisovieti viliingia Czechoslovakia, na uhusiano wa Mashariki na Magharibi ukawa wa barafu. Isitoshe, mtu aliyewaita wapinzani wake waje na kipimo chao alikuwa akijiweka katika hatari ambayo wengi huikwepa: kama leza ingesema hapana, hapangekuwa na pa kujificha, wala mbele ya wageni wala mbele ya wakubwa wake wa chama. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote jinsi moto wa uongo unavyofanana na wa kweli.

Mwaka wa 1969 Nicol Peacock, Derek Robinson, Michael Forrest na Peter Wilcock walifanya kazi Moscow, wakiwa wamesafirisha tani kadhaa za vyombo vyao. Mwenzao wa Kisovieti alikuwa V. V. Sannikov. Haikuwa kazi ya siku moja. Mwanga unaotawanywa na plazma ni hafifu mno, na mng'ao wa plazma yenyewe huuzamisha. Hatimaye namba zilipojitokeza zilikubaliana na za Artsimovich. Joto lilikuwa la soko zima, si la matajiri wachache.

Matokeo yalisambaa kwa simu na barua kabla hata ya kuchapishwa. Princeton waliuvunja mpangilio wa mtambo wao mkubwa wa zamani na kuufanya tokamaki, na ulipowashwa mwaka wa 1970 ulithibitisha yale yale. Oak Ridge walijenga yao. Kule Massachusetts, ambako Artsimovich alikuwa amealikwa kutoa mihadhara mwaka huo wa 1969, mitambo ya familia ya Alcator ilizaliwa. Nchini kwake alitunukiwa cheo cha Shujaa wa Kazi ya Kijamaa. Vyeo hivyo vilikuwa vikigawiwa kwa wengi wasiostahili; mara hii hakikupotea njia.

Inafaa kusemwa kwamba hakuwa mtumishi mtiifu wa dola kwa kila jambo. Mwaka wa 1966 alitia saini, pamoja na Sakharov, Tamm, Leontovich na wasomi na wasanii wengine, barua kwa Leonid Brezhnev iliyopinga juhudi za kumsafisha Stalin. Waliotia saini walikuwa 25.

Ushindi wa T-3 ulimrudisha kwenye kikomo kile cha jiko linalojizimia makaa. Artsimovich mwenyewe alikuwa ametoa kanuni ya hesabu inayoonyesha jinsi joto la viini linavyopanda polepole hata mkondo na sumaku vikiongezwa sana. Ilikuwa wazi kwamba mkondo ungeanzisha moto, kisha moto huo ungehitaji kuchochewa kutoka nje. Swali lilikuwa ni kwa njia gani, na jibu la miaka iliyofuata likawa kwamba hakuna njia moja inayotosha.

Njia ya kwanza ni ya kurusha atomi. Viini hupewa kasi kubwa kwa umeme, kisha hurudishiwa elektroni zao ili visiwe na chaji. Atomi isiyo na chaji haioni sumaku, hivyo hupenya hadi katikati ya plazma, ikavuliwa elektroni yake humo na kunaswa, ikigawa kasi yake kwa jirani zake. Ni kama kumimina maji yanayotokota ndani ya maji vuguvugu. Njia hii ina nguvu nyingi, lakini ina masharti: plazma ikiwa nyembamba mno, atomi huipita bila kugusa kitu na kuuchoma ukuta wa upande wa pili. Ndiyo maana haiwezi kuwa ya kwanza kuwashwa. Mkondo hutangulia, plazma ikanenepa, ndipo mvua ya atomi ikafuata.

Njia nyingine ni za mawimbi. Katika uga wa sumaku kila kiini na kila elektroni huzunguka kwa mwendo wake maalumu. Wimbi likija kwa mwendo huo huo, husukuma kila mzunguko kwa wakati wake, kama mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea: msukumo mdogo, lakini kwa wakati ufaao, humfikisha juu. Viini, kwa kuwa ni vizito, huzunguka mara makumi ya mamilioni kwa sekunde, mwendo ulio jirani na masafa ya redio za FM zinazosikika Kisumu. Elektroni, nyepesi mno, huzunguka mara maelfu ya mamilioni mengi, na mawimbi yake ni ndugu wa yale ya jiko la maikrowevu, ila ya kasi zaidi. Kuyatoa kwa nguvu ya kutosha kulikuwa kitendawili hadi wahandisi wa Kisovieti wa mji wa Gorky walipobuni katika miaka ya 1960 taa kubwa iitwayo jairotroni. Katika maabara ya Artsimovich, V. V. Alikaev na wenzake waliielekeza jairotroni kwenye tokamaki ndogo ya TM-3, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaonyesha kwamba elektroni kweli hupata moto kwa njia hiyo. Mzee aliishi kuyaona hayo.

Hakuishi kuona zaidi. Moyo wake ulikuwa umechoka kwa muda mrefu, na mnamo Machi 1, 1973 alifariki mjini Moscow, siku nne baada ya kutimiza miaka 64. Alizikwa katika makaburi ya Novodevichy, na bonde moja la mwezini likapewa jina lake. Tokamaki kubwa ya T-10 iliwashwa katika taasisi yake mwaka wa 1975.

Yaliyofuata yalikuwa hadithi ya kuchanganya. Mwaka wa 1978 mtambo wa PLT wa Princeton, kwa kurushiwa atomi juu ya joto la mkondo, ulifikia nyuzi zipatazo milioni 60. Mwaka wa 1997 tokamaki ya Ulaya iitwayo JET, iliyojengwa Culham, pale pale Artsimovich alipokataliwa mwaka wa 1965, ilitumia mkondo, atomi na mawimbi kwa pamoja na kutoa nguvu ya megawati 16 kwa muda mfupi. Moto ulioingizwa ulikuwa takriban megawati 24, kwa hiyo hesabu ilikuwa bado ya hasara. Kwa kulinganisha, kituo cha umeme wa maji cha Sondu Miriu, kisicho mbali na Ahero, huweza kutoa megawati 60 bila plazma yoyote, mvua ikinyesha.

Mchanganyiko huo si wa kujumlisha tu, na hapa ndipo watafiti wamejifunza mengi kwa gharama kubwa. Atomi hupasha viini moto na kuizungusha plazma nzima, mzunguko ambao huituliza. Mawimbi ya viini hukamata zile atomi zilizorushwa na kuziongezea kasi, hivyo njia moja huivusha nyingine. Tena huzuia metali zinazomomonyoka ukutani zisilundikane katikati na kuupoza moto. Mwali wa jairotroni nao unaweza kuelekezwa mahali padogo kama kurunzi, na sumaku inapoanza kufumuka katika tabaka fulani la plazma, mwali huo huenda kushona palipofumuka. Lakini njia hizo pia hugombana. Antena ya mawimbi hutaka kukaa karibu na plazma, na ikikaribia mno huungua au huimwagia uchafu. Kila kifaa cha ziada ni tundu jingine ukutani, gharama nyingine, na umeme mwingine unaotumika kabla ya umeme wowote kupatikana.

Mtambo wa kimataifa wa ITER, unaojengwa kusini mwa Ufaransa kwa ushirikiano wa Ulaya, Urusi, Marekani, China, Japani, India na Korea Kusini, ulisanifiwa kwa megawati 33 za atomi, 20 za mawimbi ya elektroni na 20 za mawimbi ya viini, ukikusudiwa kutoa megawati 500 za joto. Mpango mpya uliotangazwa mwaka wa 2024 uliziongezea jairotroni nafasi, ukasogeza mwanzo wa utafiti hadi mwaka wa 2034. Wanaosema nishati hii kila mara iko mbele kwa miaka 30 wana haki ya kucheka. Artsimovich mwenyewe, alipoulizwa ingekuwa tayari lini, hakutaja mwaka. Alijibu kwa namna ya kuurudisha mzigo kwa waulizaji, kwamba ingepatikana siku jamii itakapoihitaji kwa dhati.

JET ilizimwa Desemba 2023, baada ya kuweka katika majaribio yake ya mwisho rekodi ya megajuli 69 kutokana na chembe chache tu za mafuta. Huko Moscow, katika taasisi alimokaribishia Waingereza na leza yao, tokamaki mpya ya T-15MD ilizinduliwa Mei 2021. Ilisanifiwa kupashwa moto kwa atomi na kwa mawimbi, vyote kwa pamoja, juu ya ule mkondo wa zamani.